MAMA MJA MZITO: AKANDWE WAPI, ASIKANDWE WAPI?

Katika vijiji vyetu vingi mwanamke akiwa na mimba huenda kwa bibi mkunga ili akandwe. Wengine husema kuchuliwa. Wengine husema kusingwa mafuta. Bibi humlaza mama mkekani. Humpaka mafuta ya nazi, ya simsim au ya alizeti. Kisha humkanda kiuno, mgongo, miguu, na mwisho tumbo. Mara nyingi mama huinuka akiwa na nafuu. Hurudi nyumbani akimshukuru bibi.

Desturi hii ni ya zamani. Mama zetu walikandwa, na bibi zetu walikandwa. Lakini kila desturi inafaa tuichunguze. Iliyo nzuri tuishike. Iliyo na madhara tuiache.

Je, kumkanda mja mzito ni salama? Jibu lina sehemu mbili. Kumkanda mgongo, mabega na miguu kwa upole hakuna ubaya, ikiwa mama ana afya njema. Lakini kumkanda tumbo kwa nguvu, au kumsukuma mtoto ili ageuke, ni hatari. Kunaweza kumwua mtoto. Kunaweza kumwua mama pia. Katika makala hii tutaeleza kwa nini.

KWA NINI MWILI WA MJA MZITO HUUMA

Mimba inapokua, tumbo huvuta mwili mbele. Mama hulazimika kuuvuta mgongo wake nyuma ili asianguke. Misuli ya kiuno hufanya kazi mchana kutwa. Tena wakati wa mimba viungo vya nyonga hulegea kidogo, ili mtoto apate njia ya kupita siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kiuno na nyonga huuma. Miguu huvimba jioni. Usiku misuli ya miguu hukaza na kumwamsha mama usingizini.

Maumivu haya ni ya kweli. Mama anayeyasema si mvivu. Basi, dawa ya kwanza ni kumpunguzia mzigo. Mama mwenye mimba ya miezi minane anayebeba ndoo ya maji kichwani, mzigo wa kuni mgongoni, na kulima toka alfajiri, atawezaje kukosa maumivu? Hata akikandwa kila siku, maumivu yatarudi. Apate kupumzika mchana. Akikaa, miguu yake iinuliwe juu ya kigoda. Kazi nzito zifanywe na wengine.

NAMNA NJEMA YA KUKANDA

Kukandwa kwa upole huilegeza misuli iliyokaza, na moyo wa mama hutulia. Fuata mambo haya:

1. Mama alale kwa ubavu, hasa ubavu wa kushoto, au akae na kuegemea mbele juu ya mto. Mimba ikiwa kubwa, asilale chali kwa muda mrefu. Akilala chali, uzito wa mtoto huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama huweza kuona kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto hupungua.

2. Mkandaji anawe mikono kwa maji na sabuni. Akate kucha.

3. Atumie mafuta ya kawaida, kama ya nazi au ya alizeti. Dawa kali ya kuchua ya dukani isitumike mpaka muuguzi aulizwe. Dawa za miti shamba zisichanganywe na mafuta, wala mama asinyweshwe. Baadhi ya dawa hizo huamsha uchungu kabla ya wakati.

4. Akande mabega, mgongo, kiuno, mikono na nyayo. Asitumie kisigino cha mkono kwa nguvu, wala goti, wala mguu. Mama akisema "naumia", aache mara moja.

5. Akitaka kumkanda kwa kitambaa cha maji, maji yawe ya vuguvugu, si ya moto. Kwanza ayapime kwa kiwiko chake. Maji hayo ni ya mgongo na kiuno, si ya tumbo.

6. Tumbo lisikandwe. Kulipaka mafuta kwa kiganja bila kukandamiza, ili ngozi isiwashe, hakuna ubaya. Lakini kubonyeza, kusukuma na kutikisa, hapana.

Mkumbuke tena jambo moja. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukauma na kuwa na joto, usiuchue hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiuchua, bonge hilo la damu laweza kung'oka na kwenda mapafuni, na mama akafa ghafla. Mama huyo apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

NDANI YA TUMBO KUNA NINI?

Ili tuelewe hatari ya kukanda tumbo, tujue kilichomo ndani. Mtoto amelala katika mfuko wa uzazi. Amezungukwa na maji yaliyomo katika chupa nyembamba ya ngozi. Kitovu chake kimeungana na kondo la nyuma. Kondo limeshikamana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Chakula na hewa safi ya mtoto vyote hupita hapo.

Ukiupanda mche wa mwembe halafu ukautikisa kwa nguvu, mizizi yake huachana na udongo. Ndivyo linavyoweza kuwa kondo la nyuma. Tumbo likisukumwa au kupigwa kwa nguvu, kondo huweza kubanduka kabla mtoto hajazaliwa. Likibanduka, mtoto hukosa hewa. Mama hutokwa damu. Na hapa kuna jambo la kutisha: pengine damu haitoki nje. Hujikusanya ndani, nyuma ya kondo. Watu hawaoni damu, hudhani mama ana uchungu wa kawaida, kumbe maisha yake yanakwisha.

Hatari nyingine ni chupa kupasuka na maji kutoka kabla ya wakati. Au uchungu kuanza mapema, mtoto akazaliwa angali mchanga mno. Na kwa mama aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa, hatari ni kubwa zaidi. Mfuko wake wa uzazi una kovu. Ukisukumwa kwa nguvu, hasa wakati wa uchungu, unaweza kupasuka mahali pale pa kovu.

MUUGUZI HUPAPASA, HAKANDI

Huenda utauliza: "Mbona muuguzi wa kliniki naye hushika tumbo la mama?" Hilo ni swali zuri.

Muuguzi hushika ili ajue, si ili abadili. Hupapasa taratibu kwa vidole. Anatafuta kichwa cha mtoto kiko wapi, na mgongo uko upande gani. Hupima kimo cha mimba ili aone kama mtoto anakua. Kisha husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Hasukumi wala hakandi. Yote aliyoyaona huyaandika katika kadi ya mama.

Mama, kadi hiyo ni yako. Sasa unajua kusoma. Isome. Mwombe muuguzi akuonyeshe mahali palipoandikwa umri wa mimba, msukumo wa damu, na namna mtoto alivyolala. Pale usipoelewa, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mja mzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8. Mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 za mimba kwisha, yaani katika miezi mitatu ya mwanzo. Basi, usingoje tumbo lionekane ndipo uende.

"BIBI ALIMGEUZA MTOTO"

Wengi wetu tumesikia habari kama hizi: "Mtoto alikuwa amelala vibaya. Bibi akamkanda mama mara tatu, mtoto akageuka." Anayesimulia hasemi uongo. Mtoto aligeuka kweli. Lakini je, nani alimgeuza?

Tutazame hesabu. Mimba inapofika wiki 28, yaani karibu miezi saba, katika kila watoto 100, kati ya 20 na 25 bado wametanguliza matako. Kichwa kiko juu. Mimba inapotimia, wanaobaki hivyo ni 3 au 4 tu. Wengine wote wamekwisha geuka. Wamegeuka wenyewe, kwa kucheza na kujinyoosha. Hawakukandwa na mtu.

Kwa hiyo bibi akimkanda mama katika mwezi wa saba au wa nane, mara nyingi mtoto atageuka baadaye. Bibi atasifiwa. Lakini mtoto angegeuka hata kama mama angebaki nyumbani akipumzika.

Na wale 3 au 4 waliobaki? Pengine kuna sababu inayowazuia kugeuka. Huenda ni mapacha. Huenda kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia. Huenda mfuko wa uzazi una uvimbe. Mikono ya mtu haiwezi kuyaona mambo hayo. Akisukuma kwa nguvu, anasukuma gizani. Kama kondo limekaa chini, mama anaweza kutokwa damu nyingi kwa muda mfupi sana.

Ni kweli kwamba daktari aliyefundishwa huweza kumgeuza mtoto kwa mikono. Lakini hufanya hivyo hospitalini, mimba inapokaribia kutimia, kwenye wiki ya 36 au 37. Kwanza huangalia kwa mashine inayoonyesha picha ya mtoto tumboni, ili ajue kondo liko wapi. Husikiliza moyo wa mtoto kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Pengine humpa mama dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi. Chumba cha upasuaji kiko karibu, ili jambo likiharibika mama asaidiwe mara moja. Hata hivyo, hufaulu mara moja katika kila mara mbili hivi. Ikiwa daktari mwenye vyombo vyote hivyo hufanya kwa hadhari, je, sisi wa mkekani tusio na hata kimoja tufanyeje?

Mama akiambiwa kliniki kwamba mtoto ametanguliza matako au amelala kikingamo, asiende kukandwa. Akazalie hospitali. Afike mapema kabla uchungu haujaanza.

UTAMJIBUJE MZEE?

Wako akina mama wanaoyajua haya yote, lakini wanaona haya kumkatalia mzee. Mama mkwe amesema, nani atabisha? Basi hapa tunatoa mfano wa mazungumzo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo ulale hapa nikukande. Naona tumbo limekaa upande."

"Asante, bibi. Mgongo unaniuma kweli. Naomba unikande mgongo na miguu. Lakini tumbo, muuguzi amenikataza."

"Muuguzi huyo amezaa watoto wangapi? Mimi nimewakanda mama zenu wote."

"Ni kweli, bibi, na mikono yako tunaijua. Lakini amesema kondo la nyuma laweza kubanduka. Jumatatu naenda kliniki. Twende wote, ukamsikilize mwenyewe."

Angalieni namna binti huyu alivyojibu. Hakumdharau bibi. Hakumkimbia. Amekubali kukandwa mahali palipo salama, na amemwalika bibi kliniki. Mzee akipewa heshima yake, mara nyingi husikia.

DALILI HIZI SI ZA KUKANDWA

Kuna maumivu ambayo kuyakanda ni kupoteza wakati. Mama akiwa na dalili mojawapo kati ya hizi, aende kituo cha afya mara moja, usiku au mchana:

- Anatokwa damu ukeni, hata kidogo.
- Tumbo limekuwa gumu kama ubao, na maumivu hayaachii.
- Maji yametoka kabla ya uchungu, au uchungu umeanza kabla ya miezi kutimia.
- Mtoto amepunguza kucheza, au ameacha.
- Kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au kuna maumivu chini ya mbavu.
- Uso na mikono imevimba ghafla.
- Amepata degedege. Hiki ni kifafa cha mimba. Si pepo, wala hakuna aliyemloga.
- Ana homa kali, au anahema kwa shida.

Jambo baya kuliko yote ni mama mwenye dalili hizi kulazwa mkekani akikandwa tangu asubuhi hadi jioni, huku gari au pikipiki ya kumpeleka hospitali ingeweza kupatikana. Damu haingoji.

Tanzania imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104. Lakini kutokwa damu na kifafa cha mimba bado ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo. Na kwa watoto walioachwa bila mama, hesabu ni moja tu: mama hayupo.

SIKU YA UCHUNGU

Siku ya kujifungua, kukandwa mgongo kwa upole kunafaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kukandwa, pamoja na kuwekewa kitambaa chenye joto, kwaweza kumsaidia mama mwenye afya kuvumilia uchungu. Shirika hilo pia linashauri mama awe na mtu wa kumfariji, ambaye amemchagua mwenyewe. Huyo aweza kuwa dada, mama, bibi au mume. Basi muulizeni muuguzi mapema kama zahanati yenu ina nafasi ya mtu huyo.

Lakini mtu yeyote asilikandamize tumbo kwa juu ili kumsukuma mtoto atoke. Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo. Mtoto akichelewa, dawa yake si nguvu za mikono. Dawa yake ni mtaalamu na hospitali.

Baada ya mtoto na kondo kutoka, muuguzi hulishika tumbo aone kama mfuko wa uzazi umekaza. Ukiwa laini na damu inatoka nyingi, huusugua ili ukaze, na humpa mama dawa ya kuzuia damu. Hiyo ni kazi nyingine, na ina wakati wake. Isichanganywe na kukanda tumbo lenye mtoto.

KILA MTU ANA KAZI YAKE

Bibi mkunga, kazi yako haijaisha. Kijiji kinakuamini. Mja mzito akija kwako, mkande mgongo, mfariji, kisha muulize: "Kadi yako ya kliniki iko wapi?" Asiye na kadi mpeleke. Ukiona damu, piga mbiu. Siku ya uchungu mwongoze mpaka zahanati. Ukifanya hivyo, utakuwa umeokoa watu wengi kuliko kwa kukanda matumbo.

Baba, nawe una mikono. Mchotee mkeo maji. Mpasulie kuni. Jioni mkande kiuno na miguu kwa upole. Si aibu. Weka akiba ya nauli toka miezi ya mwanzo. Mpate mapema mtu wa kuchangia damu ikihitajika.

Na ninyi nyote mnaojua kusoma na kuandika, ulizeni zahanati yenu namba ya simu ya gari la wagonjwa. Iandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Ibandikeni ukutani mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona, hata usiku kwa tochi.

MASWALI YA KUJADILI

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakatenda. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo. Someni makala hii pamoja, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee. Kisha mjadili:

1. Katika kijiji chetu, nani huwakanda waja wazito? Je, tumewahi kukaa naye pamoja na muuguzi?

2. Mama mja mzito hapa kwetu hufanya kazi gani nzito? Ni zipi tunaweza kumpunguzia kuanzia wiki hii?

3. Mama akianza kutokwa damu usiku wa manane, ni chombo gani kitampeleka hospitali? Ni cha nani, na nani atalipa mafuta?

4. Nani kati yetu ataiandika namba ya simu ya zahanati na kuibandika katika kila nyumba yenye mja mzito?

Swali la tatu msilimalize kwa maneno. Msiondoke mkutanoni mpaka mmetaja jina la mwenye chombo, naye amekubali.